Yule Asiyepiga: Cresselia, Chetambe na Dada Yangu

Saiba niliyojifunzia kupigana ilikuwa Webuye, hatua chache kutoka steji ya matatu. Chumba kimoja, kompyuta sita, feni moja iliyoelekezwa kwa mwenye duka peke yake. Dakika moja ilikuwa bob moja. Mwaka ulikuwa 2015, mimi nikiwa kidato cha pili, na mchezo ulikuwa Pokémon. Si ule wa kununua dukani, maana sikumjua mtu yeyote mwenye mashine ya Nintendo. Sisi tulicheza Pokémon Showdown, tovuti ya bure inayoigiza pambano tu. Hakuna kutembea porini wala kukamata mnyama. Unaandika kikosi chako, unabofya, unapewa mpinzani kutoka popote duniani. Haili bando sana, na nadhani ndiyo sababu ilitufikia.

Wiki tatu za kwanza nilipigwa kama ngoma. Kikosi changu kilikuwa na wanyama sita, wote wa kushambulia, wote wenye mbio. Niliamini kwamba ukipiga wa kwanza na ukipiga kwa nguvu, umemaliza. Halafu usiku mmoja mpinzani akaniletea kiumbe kinachoelea, kina umbo la mwezi mwandamo. Jina lake Cresselia. Hakunipiga hata mara moja. Alifanya vitu vyake pembeni, mwenzake akawa ndiye anapiga, na pambano likaisha wanyama wangu wote wanne wakiwa chini. Nilibaki nimekodoa macho mpaka mwenye saiba akaniambia, "Kijana, dakika zako zimeisha."

Nimeandika insha hii kueleza historia ya kiumbe huyo na wenzake, wale wa kusaidia. Nimeichanganya na historia ya mlima ulio juu ya mji wetu, na ya mtu mmoja wa nyumbani kwetu. Utaona kwa nini.

Wafalme wa kosa

Pokémon ilianza Japani tarehe 27 Februari 1996, kwa michezo miwili, Red na Green. Kila mnyama ana aina yake: moto, maji, majani na kadhalika, na kila aina ina inayemshinda na inayeshindwa naye. Maji huzima moto, moto huchoma majani. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa.

Kulikuwa na aina moja iliyoitwa Psychic, wale wanaopigana kwa nguvu za akili. Kwa mpango wa mchezo, aina hiyo ilipaswa kuogopa wadudu na mizimu. Lakini pigo za wadudu zilikuwa dhaifu, na wadudu wenyewe wengi walikuwa pia na sumu, ambayo huangushwa na Psychic. Kuhusu mizimu, kulitokea kosa kwenye programu. Badala ya pigo la mzimu kumuumiza Psychic mara mbili, halikumuumiza kabisa. Kwa hiyo Alakazam na Mewtwo wakatawala. Walikuwa na mbio, walipiga vibaya, na hakuna aliyewaweza.

Kumbuka hilo, kwa sababu lina maana baadaye. Wafalme hao hawakuwa wa kusaidia mtu. Walikuwa wapigaji, na ufalme wao ulisimama juu ya kosa la hesabu.

Mwaka 1999 zilipotoka Gold na Silver, watengenezaji waliweka aina mbili mpya. Dark haiguswi kabisa na nguvu za akili, na Steel huzipunguza. Ufalme ukaanguka. Psychic ikawa aina ya kawaida, yenye maadui wa kawaida. Ni hapo ndipo ilibidi itafute kazi nyingine.

Wawili kwa wawili

Kazi hiyo ilipatikana 2002, kwenye Ruby na Sapphire, ambapo kwa mara ya kwanza mchezaji aliweza kuweka uwanjani wanyama wawili kwa wakati mmoja dhidi ya wawili. Ukiwa na mnyama mmoja uwanjani, kusaidia ni kujisaidia. Wakiwa wawili, kunakuwa na mwenzako. Unaweza kumkinga, kumwongezea nguvu, kumpunguzia adui mbio. Mnyama asiyeweza kuua sasa ana thamani.

Cresselia alikuja 2006 na Diamond na Pearl. Tazama hesabu zake za msingi: uhai 120, ulinzi 120, ulinzi wa pili dhidi ya mapigo maalum 130. Mbio zake 85, si nyingi si kidogo. Nguvu za kupiga ni 70 na 75, za mtu ambaye hakuumbwa kupiga. Ni ukuta unaoelea. Ana pia kipaji kinachoitwa Levitate, maana yake pigo la ardhini halimpati. Mwenzake anaweza kutumia Earthquake, tetemeko linaloumiza kila aliye uwanjani, rafiki na adui, na Cresselia akabaki juu kama hakuna kilichotokea.

Michezo hiyohiyo ya 2006 ndiyo iliyoleta Trick Room, na nitaeleza hii polepole kwa sababu ndiyo iliyonipiga usiku ule.

Kwa kawaida mwenye mbio ndiye anayetangulia kila raundi. Trick Room hupindua sheria hiyo kwa raundi tano. Mzito anatangulia, mwepesi anangoja. Lakini ina bei. Pigo hilo hufanyika mwisho kabisa wa raundi, baada ya wote kucheza, kwa hiyo anayeliita lazima avumilie mapigo ya wawili kwanza. Raundi ya kuliita nayo huhesabiwa, kwa hiyo faida yako ni raundi nne tu. Na ukiliita tena likiwa bado lipo, linafutika. Hii si kazi ya kila mnyama. Inataka mtu wa kusimama, kula makofi mawili, halafu kugeuza dunia.

Mashindano rasmi ya wawili kwa wawili, Video Game Championships, yalianza 2009. Unakuja na wanyama sita, unaona sita wa mwenzako, kisha unachagua wanne. Katika mashindano ya 2012 na 2013 Cresselia alionekana kila mahali. Hata hivyo, ukitafuta leo watu wanakumbuka nini, watakutajia majina ya mabingwa, kama Ray Rizzo wa Marekani, aliyeshinda ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2010, 2011 na 2012. Msaidizi anabaki kwenye orodha ya kikosi.

Isipokuwa mmoja. Mwaka 2014, jijini Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alishinda dunia akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye hakuna aliyemheshimu. Kazi ya Pachirisu ilikuwa kutumia Follow Me: kuita mapigo yote yaje kwake ili Gyarados apige bila kusumbuliwa. Cresselia hakuruhusiwa mwaka huo, lakini kwenye kikosi cha Park kulikuwa na Gothitelle, Psychic mwingine, ambaye kipaji chake humzuia adui kubadilisha mnyama. Watu walimshangilia kindi. Gothitelle hata sasa ni wachache wanaomtaja.

Mlima ulio juu ya mji

Sasa twende Chetambe.

Ukisimama Webuye mjini na kutazama juu, utauona mlima. Kule kuna mabaki ya ngome iliyobeba jina la Chetambe, boma lenye handaki kulizunguka. Kuka alinipeleka nikiwa mdogo. Nilitarajia ukuta mkubwa wa mawe kama kwenye vitabu. Nilikuta handaki limejaa nyasi na mbuzi wa mtu.

Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walipigana hapo na msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Hobley, uliotoka Mumias. Ugomvi ulihusu bunduki zilizochukuliwa, na askari wa Kisudani waliotumwa kuzirudisha wakauawa. Hobley akarudi na jeshi kubwa zaidi: Wasudani, wapiganaji kutoka Buganda, na bunduki aina ya Maxim na Hotchkiss. Wakaanza na ngome ya Lumboka, kisha wakapanda Chetambe. Wengi sana walikufa. Miaka ya 1940 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwapeleka wafuasi wake kule mlimani kuwakumbuka.

Shuleni tulifundishwa kwamba wazee wetu walishindwa kwa sababu walikuwa na mikuki na wenzao walikuwa na bunduki. Ni kweli, lakini ni nusu. Handaki lile halikuwa ujinga. Lilijengwa kwa akili, kwa vita vilivyojulikana: adui anakuja mbio, anataka ng'ombe, anapanda ukuta, unamchoma akiwa chini yako. Dhidi ya vita hivyo lilikuwa jibu zuri sana. Maxim haikuja kushindana kwa mbio wala kwa kupanda. Ilibadilisha swali. Ndani ya ukuta, watu waliosongamana wakawa shabaha.

Mchezaji wa Pokémon ataelewa hili haraka kuliko mwanafunzi wa historia. Alakazam hakuwa mjinga 1996, na hakuwa mjinga 1999. Sheria ndizo zilizobadilika. Hatari ya mkakati mzuri ni kwamba ulikuwa mzuri kwa vita vya jana. Tofauti ni kwamba Alakazam hafi. Kule juu walikufa watu, na ninapofananisha najua nafananisha mchezo na makaburi. Sifananishi maumivu. Nafananisha namna ya kufikiri tu.

Kuna mtu mwingine katika simulizi za Wabukusu ninayemfikiria: omung'osi, yule wa kuona mbele. Mutonyi wa Nabukelembe ndiye anayetajwa zaidi, na simulizi zinasema aliona kuja kwa wageni weupe kabla hawajafika. Omung'osi hakujulikana kwa mkuki. Wapiganaji walimwendea kabla ya safari, akasema waende au wangoje. Kuka alipokuwa akisimulia vita, majina ya mashujaa yaliyopiga yalikuja moja baada ya lingine, kama orodha ya timu. Nilipouliza nani aliwaambia lini watoke, alinyamaza kidogo. "Huyo alikuwa mzee tu, alikaa nyumbani," akasema.

Herufi tano

Baada ya kupigwa usiku ule nilifanya kitu ambacho sikuwahi kufanyia somo lolote darasani. Nilisoma rekodi ya pambano raundi kwa raundi, nikaandika kwenye daftari la Kemia.

Mwaka ule wa 2015 kikosi kilichotawala kilikuwa na jina: CHALK. Ni herufi za kwanza za Cresselia, Heatran, Amoonguss, Landorus na Kangaskhan. Kitazame kinavyoshikana. Kangaskhan anaingia na Fake Out, kofi dogo la kumshtua adui asicheze raundi hiyo, na hapo Cresselia anapata nafasi ya kuita Trick Room. Landorus, kwa kuingia tu, anawapunguzia maadui nguvu za kupiga, kwa hiyo ukuta unakuwa mgumu zaidi. Amoonguss ni uyoga mzito kabisa, mbio 30. Ndani ya Trick Room anatangulia mbele ya karibu kila mtu na kuwalaza usingizi. Landorus anatikisa ardhi, Cresselia anaelea.

Tatizo lilikuwa Heatran. Yeye ni wa moto na chuma, na ardhi humuumiza mara nne. Tetemeko la rafiki yake lingemuua. Hapo Cresselia alikuwa na kitu kinaitwa Skill Swap: wanabadilishana vipaji. Heatran anapewa Levitate, anaanza kuelea, na udhaifu wake mkubwa kabisa unatoweka. Lakini angalia, Cresselia sasa hana tena kile kipaji. Yeye ndiye anayekanyaga chini. Aliyempa mwenzake mabawa amebaki bila.

Ukitaka kuuvunja mpango huu, njia ni tatu na zote nimelipia. Ya kwanza ni Taunt, matusi yanayomlazimisha adui kushambulia tu, asiweze kuita chochote. Ukimtukana Cresselia mapema, umemfanya awe mpigaji, na yeye ni mpigaji mbaya. Ya pili ni wote wawili kumpiga yeye raundi ya kwanza, ukisahau mwenzake. Ya tatu ni kuhesabu. Kinga, badilisha mnyama, poteza raundi, mpaka nne ziishe. Wachezaji wengi wanashindwa na Trick Room kwa sababu wanaendelea kupiga kama kawaida wakati sheria si za kawaida. Nami nilikuwa hivyo.

Nilibadilisha kikosi. Nikaanza kushinda. Mwisho wa mwaka mwenye saiba alikuwa ananiachia dakika kumi za bure nikimsaidia kutoa fotokopi.

Lunar Dance

Cresselia ana pigo moja ambalo nimeliacha mpaka hapa. Linaitwa Lunar Dance. Akilicheza, yeye anazimia na kutoka kwenye pambano. Mwenzake anayeingia baada yake anapona kila kitu: uhai wote, maradhi yote, hata idadi ya mapigo iliyopungua inarudi kama mpya.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilimkumbuka dada yangu, na sikupenda.

Webuye ulikuwa mji wa kiwanda cha karatasi. Pan Paper ilianza kutoa karatasi 1974, na kwa miaka mingi ukipita barabara kuu ulijua umefika kwa pua kabla ya macho. Kilifungwa 2009, na 2016 kikauzwa. Mimi nilikua katika miaka ya katikati, nyumba za kupangisha zikiwa tupu na moshi ukiwa hadithi. Baba alikuwa fundi baiskeli. Alipoumia mgongo, dada yangu alikuwa kidato cha tatu, mimi darasa la sita. Hakuna aliyekaa chini kuamua. Muhula ulianza, mimi nikaenda shule, yeye akaenda soko. Aliuza mitumba, nguo za watoto, kila siku ya soko Webuye na siku nyingine Bungoma. Alinilipia sekondari, na nilipoitwa chuo kikuu alinilipia hicho pia.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa, na sitamsingizia mtu. Nilikuwa nacheza usiku, nalala mchana, kozi haikuniingia, nikaona aibu kurudi darasani. Baya si hilo. Baya ni kwamba nilikaa kimya, na dada akatuma karo ya muhula mwingine mzima mimi nikiwa si mwanafunzi tena. Ile pesa niliila. Nilikuja kumwambia mwezi wa tano wa uongo wangu, kwa simu, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. Alisema, "Sawa. Umekula leo?" Kisha akakata.

Sasa kuna jambo kuhusu Lunar Dance ambalo wachezaji wote wazoefu wanalijua, na mimi nililijua kwenye mchezo miaka mingi kabla ya kulijua nyumbani. Kwenye mashindano ni nadra kulikuta. Linaonekana zuri, lina huzuni nzuri, lakini kwa hesabu halilipi. Una wanyama wanne tu. Ukimtoa mmoja ili mwingine apone, umempa adui robo ya ushindi bure. Cresselia aliye hai, anayeita Trick Room mara ya pili, anayeongeza pigo la mwenzake kwa nusu kwa Helping Hand, anayepunguza mbio za maadui wawili kwa Icy Wind, ana faida kuliko Cresselia aliyejitoa sadaka. Msaidizi mwema ni yule anayebaki uwanjani.

Sisi tunapenda sana hadithi ya anayejitoa. Tunaisimulia kanisani, kwenye matanga, siku ya kuhitimu: fulani aliacha shule ili mdogo wake asome. Makofi. Hakuna anayeuliza kama ilikuwa lazima azimie, au kama sisi tuliopona tungeweza kukinga raundi moja ili naye apumue.

Kurudi

Kwa miaka kadhaa Cresselia hakusikika sana. Kwenye Scarlet na Violet, zilizotoka Novemba 2022, watengenezaji hata walimpunguzia ulinzi: 120 ikawa 110, na 130 ikawa 120. Wengine walidhani amekwisha. Lakini mwaka 2023 aliporuhusiwa kwenye mashindano alirudi na rafiki mpya, dubu anayeitwa Ursaluna. Dubu huyu ana mbio 50 na nguvu za kupiga 140. Anajichoma mwenyewe kwa makusudi, kwa sababu kipaji chake kinamwongezea nguvu akiwa mgonjwa. Nje ya Trick Room ni mzigo. Ndani yake ni balaa. Cresselia alipata pia pigo jipya, Lunar Blessing, ambalo linamponya yeye pamoja na mwenzake. Safari hii hahitaji kuzimia ili mtu apone.

Mimi siku hizi naandika. Maandishi ya watu wa mitandaoni, wasifu wa kazi, mara mojamoja kitu changu kama hiki. Nalipwa kidogo, lakini nalipwa. Mwaka huu dada yangu amejisajili KCSE kama mtahiniwa wa binafsi. Ada nimelipa mimi. Si yote niliyokula, bado niko na deni, na yeye anakumbuka hesabu hadi shilingi.

Usiku akitoka soko tunakaa mezani saa moja. Kiswahili ananishinda, kwa sababu sokoni anaongea siku nzima. Hesabu ndiyo inamsumbua. Jana tulikuwa kwenye vekta, akachoka, akafunga kitabu, akaniambia nimwonyeshe ule mchezo ulionifukuzisha chuo. Nikamwambia sikufukuzwa. Akacheka. Nikafungua Showdown kwenye simu, nikampa kikosi changu chenye Cresselia na Ursaluna, nikamweleza Trick Room kama nilivyokueleza wewe.

Alitazama raundi mbili bila kusema. Halafu akauliza, "Na huyu wa mwezi, yeye atapiga lini?"

Nikamwambia ana nafasi ya pigo moja la kushambulia, wachezaji wengi humwekea, ila mimi huwa nasahau kulitumia.

"Litumie," akasema, akafungua kitabu tena.